Bongoyo Hulindwa Jangwani: Mhadhara kuhusu Utalii wa Pwani na Mto Msimbazi



Nimeombwa nizungumze juu ya utalii wa pwani unaojali mazingira, na juu ya namna watalii wanavyoweza kuuchangia. Mada ya namna hii mara nyingi hupelekwa Zanzibar, Mafia au kwenye hoteli za Kunduchi, ambako mchanga ni mweupe na wageni wanaonekana kwa macho. Nimefurahi kwamba safari hii imeletwa Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, kwa kuwa hoja yangu inaanzia hapa hapa. Visiwa vya Dar es Salaam haviwezi kulindwa na mlinzi aliyesimama kisiwani peke yake. Sehemu kubwa ya madhara yake inatoka bondeni, na bonde hilo ni letu. Kwa hiyo mchango wa mtalii anayeipenda bahari yetu, uwe fedha, muda au sauti yake, lazima sehemu yake ipande juu kuufuata mto Msimbazi mpaka ifike kwenye mitaa hii. Na sisi wa mitaa hii tuwe tayari kuupokea kwa kazi inayoonekana.

Njia ya maji

Tuanze na mto wenyewe, maana wengi wetu tunaujua kwa mafuriko tu. Msimbazi unaanzia kwenye milima ya Pugu, upande wa Kisarawe, katika eneo la misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Safari yake yote ni takriban kilomita 35. Unashuka kupitia maeneo ya Vingunguti na Tabata, unapokea maji ya mto Ubungo na Sinza, unakatiza Jangwani kati ya Kariakoo na Magomeni, kisha unaingia baharini chini ya Daraja la Selander, ubavuni mwa Upanga. Ukipita kwenye Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, ukageuza uso upande wa bara, unauona mdomo wa mto pamoja na mikoko yake.

Masika yanapokolea, maji ya mitaa yetu huteremka Jangwani kwa mitaro. Yanabeba kilichomo mitaroni: mchanga wa barabara, mafuta ya gereji, maji ya vyoo vilivyofurika, maganda ya mahindi na plastiki za kila aina. Huko bondeni yanakutana na tope lililotoka Pugu na uchafu wa viwanda na machinjio, na vyote vinaondoka pamoja.

Wapo wanaoamini kwamba uchafu ukishaingia baharini umepotea. Bahari yetu haiko hivyo. Mkondo mkubwa wa pwani ya Afrika Mashariki, kwa upande wetu huu, huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kaskazi hupungua kasi, na wakati wa kusi hukimbia. Na kusi ndiyo inayoanza kuvuma majira yale yale masika yanapomwaga. Hivyo mto unapokuwa umejaa kuliko wakati mwingine wowote, bahari nayo inasukuma kuelekea Coco Beach, Rasi ya Msasani, Bongoyo na Mbudya. Visiwa ambavyo mgeni hupanda boti kuvifuata viko katika njia ya maji yaliyotoka kwetu.

Kinachotokea kule chini ya maji kinahitaji maelezo kidogo, kwa sababu mtu hawezi kulinda asichokielewa. Matumbawe ni wanyama wadogo sana wanaojenga nyumba za chokaa. Ndani ya miili yao wanaishi viumbe wengine, wadogo zaidi, mfano wa mimea, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kuwagawia wenyeji wao. Tope likiyafanya maji kuwa mazito, mwanga haufiki chini na chakula kinakatika. Maji ya vyooni na mbolea ya mashambani hurutubisha mwani, nao huota juu ya matumbawe na kuyafunika. Halafu kuna joto. Bahari ikipata joto la nyuzi moja tu juu ya kiwango chake cha juu cha kawaida, na hali hiyo ikadumu kwa wiki kadhaa, matumbawe huwafukuza wale wenzao wa ndani na kubaki meupe, yakingoja kufa au kupona. Pigo hilo lilikuwa kali sana mwaka 1998, likarudi mwaka 2016, na mwaka 2024 liliikumba dunia tena.

Joto la dunia hatuwezi kulizuia kutoka Kariakoo. Tope, taka na maji machafu tunaweza kuyapunguza. Na tumbawe lililo kwenye maji safi lina nafasi kubwa zaidi ya kupona baada ya joto kuliko lile lililokwisha kuchoshwa na uchafu. Kwa sababu hiyo kazi yetu ya hapa si ndogo hata mbele ya tatizo la dunia nzima.

Ulinzi tulio nao, na mpaka wake

Serikali haikulala. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari mwaka 1975. Baada ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, ulinzi ulipata chombo chake maalumu, na baadaye visiwa vya upande wa kusini mwa jiji, kama Sinda na Kendwa, navyo viliingizwa. Mgeni anayekwenda Bongoyo au Mbudya analipa kiingilio. Kiingilio hicho kinasaidia doria na usimamizi, na anayekilipa anastahili shukrani zetu.

Doria imeleta matunda. Wavuvi waliopo hapa wanakumbuka miaka ya uvuvi wa mabomu. Mlipuko mmoja uliua samaki wakubwa na watoto wao, ukavunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua, na wakati mwingine ukaondoka na mkono wa aliyelirusha bomu. Dar es Salaam na jirani zake ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumizwa zaidi. Vyombo vya dola viliposhirikiana na vijiji na vikundi vya ufukweni, katika nusu ya pili ya miaka ya 2010, milipuko ilipungua sana. Huo ni ushindi wa kweli na tuutaje kwa fahari.

Lakini boti ya doria inaweza kumkamata mpiga bomu. Haiwezi kulikamata tope. Haiwezi kuisimamisha chupa iliyotoka Mchikichini. Hapo ndipo ulinzi wa kisiwani unapofika mwisho wake.

Jiji hili limewahi kupewa somo hilo kwa gharama kubwa. Kituo cha daladala cha Africana, kule Mbezi Beach, kinabeba jina la hoteli ya kitalii iliyokuwa ufukweni. Bahari ilikula ufukwe wake mpaka hoteli ikaachwa. Watafiti waliochunguza mmomonyoko wa pwani hiyo ya Kunduchi walitaja uchimbaji wa mchanga katika mito inayoingia pale kuwa miongoni mwa sababu kubwa. Mchanga uliotakiwa kushuka na mto kwenda kulisha ufukwe ulipakiwa kwenye malori ukaenda kujenga nyumba. Mwenye hoteli angeweza kuajiri walinzi mia ufukweni, na bado ufukwe ungeondoka, kwa kuwa aliyekuwa akiuondoa alikuwa mtoni.

Mikoko iliyo mlangoni

Kati ya bonde na visiwa pana mlinzi mwingine, naye halipwi mshahara. Maji yakitoka, nendeni mkaitazame mikoko karibu na Daraja la Selander. Mlilana unasimama mbele, karibu na bahari, mizizi yake ya kupumulia ikichomoza topeni minene na yenye ncha. Mchu unatoa mizizi myembamba iliyo wima, mamia kwa mamia, ikizunguka shina. Mkoko wenyewe unakanyaga tope kwa mizizi iliyopinda. Kaa wanaingia na kutoka mashimoni, na yangeyange wanatembea polepole wakiwinda.

Kazi ya mizizi ile ni kupunguza mwendo wa maji. Maji yakipungua mwendo, tope linatua pale pale badala ya kwenda kuyafunika matumbawe. Vifaranga vya samaki na kamba hukulia katikati ya mizizi, mahali ambapo samaki wakubwa hawawezi kupita. Mti wenyewe unahifadhi kaboni nyingi kwenye shina, na zaidi kwenye udongo wake.

Sasa tazameni kilichonasa kwenye mizizi hiyo. Kuna ndala moja isiyo na mwenzake. Kuna vizibo vya chupa, viroba vilivyochanika, mifuko midogo ya maji ya kunywa, nguo za mitumba zilizogeuka kamba, na ile mikanda ya plastiki inayofungia marobota. Mfanyabiashara wa Kariakoo akisimama pale anaitambua bidhaa yake. Karatasi la plastiki likiganda juu ya mizizi ya mchu, mizizi haipumui. Mti hauanguki siku hiyo. Unakauka taratibu, majani yakipungua, na mwaka unaofuata mawimbi yanauondoa.

Kuna jambo lingine la kulitazama hapo: chupa za maji ni chache kuliko tunavyotarajia, na zilizo nyingi ni zile plastiki nyepesi. Sababu yake iko mtaani kwetu. Chupa ina mnunuzi. Kijana mwenye kiroba anapita alfajiri, anaziokota, anaziuza kwa kilo, anapata chakula cha siku. Kifungashio chembamba cha biskuti au cha sabuni ya unga hakina mnunuzi, hivyo hakuna anayeinama kukiokota, na mvua ndiyo inayokichukua. Waokota chupa wamekwisha kuilinda bahari kwa miaka mingi, na hakuna mtalii hata mmoja aliyewahi kuwalipa kwa kazi hiyo.

Uelewa peke yake hautoshi

Tunapozungumza juu ya kuelimisha watu, tuwe waangalifu. Mara nyingi elimu ya mazingira hutolewa kama vile watu wa mabondeni hawajui kwamba taka ni mbaya. Wanajua kuliko mtu yeyote. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na waliookoka bondeni walipelekwa kuanza maisha upya Mabwepande. Mtu aliyelala juu ya paa na watoto wake, akiyasikiliza maji yakipita chumbani mwake, hahitaji bango la kumweleza kwamba mtaro ukiziba maji hupanda. Anachohitaji ni gari la taka linalofika kwa siku iliyotajwa, mtaro uliozibuliwa kabla ya mvua, na mahali pa kuweka kifungashio kisicho na mnunuzi.

Tumeshathibitisha kwamba njia ikiwepo watu wanabadilika. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki, ile tuliyoizoea kwa jina la Rambo, ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Zanzibar walikuwa wametangulia tangu mwaka 2006, na Kenya mwaka 2017. Wengi walisema Kariakoo haitaweza, kwamba biashara itasimama. Biashara haikusimama. Mifuko mbadala ilipatikana, vikapu vikarudi, wageni nao wakatakiwa kuiacha mifuko yao uwanja wa ndege. Kazi haijaisha, kwa sababu vifungashio vyembamba bado hutumiwa kubebea bidhaa kinyume cha sheria. Hata hivyo soko kubwa kuliko yote nchini lilibadili tabia ya miaka mingi kwa muda mfupi. Anayetuambia kwamba watu wetu hawabadiliki hakuwa Kariakoo mwaka ule.

Wenzetu wamefanyaje

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali la utalii wote ni hilo la mwenyeji: anapona? Nitawapeleka sehemu tatu za pwani yetu ya Waswahili ambako jibu limetafutwa kwa bidii.

Sehemu ya kwanza ni kisiwa cha Chumbe, kusini mwa mji wa Unguja. Serikali ya Zanzibar ilikitangaza kuwa hifadhi mwaka 1994, baada ya juhudi zilizoanzishwa na Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyefanya kazi ya elimu na maendeleo. Nyumba za wageni ni saba tu. Maji yanakingwa kutoka mvua, umeme unatoka kwenye jua, vyoo havitumii maji na kinyesi kinageuzwa mboji. Waliokuwa wavuvi walifundishwa wakawa walinzi wa miamba. Na fedha za wageni zimewezesha watoto wa shule za Zanzibar kupelekwa kisiwani, wakavaa miwani ya kuzamia na kuyaona matumbawe kwa macho yao. Wengi wa watoto hao walizaliwa mita chache kutoka baharini na hawakuwahi kuangalia chini ya maji. Mwaka 2000 Chumbe ilipata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya Global 500. Kwangu mimi, tuzo yake kubwa ni wale watoto.

Sehemu ya pili ni hori ya Mida, karibu na Watamu, Kenya. Pale pana njia ya mbao inayoning'inia juu ya mikoko, inayompeleka mgeni mpaka kwenye kibanda cha kuangalia ndege. Shirika la A Rocha Kenya lilibuni mpango ambao viingilio vya wageni huchangia karo za wanafunzi wa sekondari wanaotoka familia zinazouzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke na hori hiyo. Mzazi ambaye mwanawe anasomeshwa na mikoko haendi kuikata usiku. Fedha imefika nyumbani kwake, na anajua imetoka wapi.

Sehemu ya tatu ni Gazi, katika kaunti ya Kwale. Wanawake wa kijiji wanaendesha njia yao ya mbao ndani ya mikoko. Wao ndio wanaopokea wageni, wanaowaongoza, na wanaowapikia chakula cha Kiswahili. Kijiji hicho pamoja na jirani yake Makongeni ndicho chenye mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 za mikoko na ambao tangu mwaka 2013 umekuwa ukiuza hewa ya kaboni, mapato yakaenda kwenye maji na shule.

Ukizipanga sehemu hizo tatu pamoja unaona jambo moja. Katika zote, fedha ya mgeni ina anwani. Mgeni anajua inakwenda wapi, mwenyeji anajua imetoka wapi, na kati yao kuna kitu kinachoonekana: mtoto aliyezamia, karo iliyolipwa, kisima kilichochimbwa. Kiingilio kikikosa anwani, mgeni hukiona kuwa kodi na mwenyeji hakioni kabisa.

Sasa mwenyeji wa Bongoyo ni nani? Kisiwani hakuna kijiji. Wavuvi wa Msasani na Kunduchi wana haki yao ya kwanza, na haki hiyo isiguswe. Lakini kwa njia ya mto, mwenyeji mwingine ni mtu wa Jangwani, Hananasif, Kigogo, Mchikichini na Kariakoo. Yeye ndiye anayeamua, kila siku, maji gani yatafika kule. Na mpaka leo hakuna senti ya utalii wa bahari anayoiona ikija kwake.

Wanaopinga wanasemaje

Wapo watakaosema Dar es Salaam haina watalii. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 2. Ni kweli kwamba wengi hukimbilia Serengeti, Kilimanjaro na Zanzibar. Lakini wengi pia hupita hapa wakingoja ndege au boti ya Zanzibar, na mtu mwenye siku moja ya kungoja ni mgeni tayari. Kisha tumsahau mgeni wa nje kwa dakika moja. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Siku za sikukuu, boti za Mbudya hujaa familia za Kitanzania zilizobeba pilau zao. Mtalii wa kwanza wa visiwa hivi ni mkazi wa jiji, na ndiye atakayebaki hata pale wageni watakapokatika, kama walivyokatika wakati wa korona.

Wengine watasema utalii wenyewe unachafua. Wanasema kweli. Nanga inayotupwa ovyo inavunja matumbawe. Mwogeleaji anayesimama juu ya mwamba ili apumzike anaua kile alicholipia kukiona. Anayenunua kombe na magamba ya baharini kama kumbukumbu analipa watu wayang'oe mengine. Hoteli inayomwaga maji machafu baharini inaharibu mtaji wake yenyewe. Ndiyo maana sizungumzii utalii wowote ule. Nazungumzia ule wenye masharti: boti zifungwe kwenye maboya, mwongozaji awe na ruhusa ya kumkataza mgeni, taka zirudi bara na aliyezipeleka, na idadi ya watu iwe na ukomo pale mwamba unapochoka.

Lipo pingamizi la tatu, nalo linaniuma zaidi kwa kuwa lina ukweli wa historia. Uhifadhi mara nyingi umeanza kwa kumwondoa mnyonge. Tunajua kwamba Bonde la Msimbazi sasa lina mradi mkubwa wa maendeleo, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022. Mpango wake ni pamoja na kuudhibiti mto, kujenga daraja jipya la Jangwani na kufanya sehemu ya bonde kuwa bustani ya jiji. Nyumba zimebomolewa, familia zimehama. Kazi yenyewe naiunga mkono, maana maji yaliua watu. Ila bustani ile ikija kuwa mahali pa wageni kupiga picha, huku aliyezaliwa pale akizuiliwa getini kwa kukosa kiingilio, tutakuwa tumemnyang'anya mara mbili.

Tufanye nini

Mapendekezo yangu ni manne.

La kwanza, sehemu ya kiingilio cha visiwa vya Dar es Salaam itengwe kwa ajili ya mto Msimbazi, na itangazwe. Mapato ya serikali yana sheria na taratibu zake; ninachoomba ni taratibu hizo ziwekewe njia ya jambo hili. Fedha hizo zilipie nyavu za kuzuia taka mdomoni mwa mto, zilipie kuisafisha mikoko kabla na baada ya masika, na ziweke bei ya kununulia vile vifungashio visivyo na mnunuzi, ili kijana mwenye kiroba aviokote navyo. Kwenye vituo vya boti, Msasani na Kunduchi, pawekwe ubao unaosomeka, kwa Kiswahili kwanza na kwa lugha za wageni chini yake, unaoeleza kilichokusanywa na kilichofanyika. Mgeni akisoma kwamba kiingilio chake kimeondoa viroba kadhaa vya plastiki kwenye mikoko aliyoiona asubuhi kutoka darajani, ataongeza kwa hiari yake. Watu hawachoki kuchangia, wanachoka kutojua.

La pili, mdomo wa Msimbazi uwe na njia ya mbao ndani ya mikoko, kama Gazi na Mida, na waongozaji wake wa kwanza wawe vijana na wanawake wa kutoka bondeni, wakiwemo waliohamishwa. Fikirini matembezi ya nusu siku: mgeni anaanzia Kariakoo, kwenye soko lililobuniwa na msanifu majengo wetu Beda Amuli, anakula kwa mama lishe, anashuka Jangwani akielezwa habari za mafuriko na mtu aliyeyaona, anaishia mikokoni wakati maji yametoka. Kesho yake anakwenda Bongoyo akiwa anajua anachokitazama na kinakotoka. Hakuna hoteli ya ufukweni inayoweza kumpa mafunzo hayo. Mwenye nayo ni mtu wa hapa.

La tatu, kila mtoto wa shule ya msingi anayesoma katika kata za bonde hili apelekwe kisiwani angalau mara moja kabla ya kumaliza darasa la saba, na gharama zichangiwe na kiingilio cha wageni wa nje. Chumbe wameonyesha kwamba inawezekana. Mtoto wa Buguruni aliyemwona samaki mwenye rangi akijificha ndani ya tumbawe atamweleza mama yake jioni, na maneno yake yatafika mbali kuliko mhadhara huu.

La nne linatuhusu sisi wafanyabiashara moja kwa moja, wala halingojei serikali. Kila mtaa wa soko una viongozi wake. Wakubaliane mahali pamoja pa kukusanyia mikanda ya marobota na plastiki za vifungashio, na saa moja ya kuviondoa kila jioni kabla ya kufunga. Anayeingiza bidhaa kwa kontena anafungua plastiki nyingi kwa siku moja kuliko familia nzima kwa muda mrefu. Wajibu wake uwe mkubwa kwa kiasi hicho hicho.

Na kwa mtalii, awe wa kutoka Ulaya au wa kutoka Temeke, nina maombi machache. Beba chupa yako ya maji uijaze. Lipa kiingilio na uulize kinakwenda wapi. Mchague mwenye boti anayefunga kwenye boya. Usisimame juu ya tumbawe, usinunue magamba ya baharini. Na ukirudi kwenu, ukisimulia uzuri wa Mbudya, usimulie pia juu ya mto ulio nyuma yake na watu wanaoushughulikia.

Ndugu zangu, mwaka mzima tunasema Msimbazi ni wa timu yetu ya wekundu, tunashangilia, tunavaa jezi. Penzi hilo la mahali ni mtaji mkubwa. Naomba liushike na mto wenyewe unaobeba jina hilo. Masika huanza Machi. Kabla ya Machi ijayo, viongozi wa mitaa ya soko wakae wachague sehemu zao za kukusanyia plastiki. Walimu wakuu waandike barua ya kuomba safari ya wanafunzi kisiwani. Na vijana watakaotaka kujifunza kuongoza wageni waandikishe majina yao kwa watendaji wa kata. Hayo matatu hayahitaji mkopo wa mtu. Tukiyatimiza, tutakwenda kwa wenye visiwa na wenye fedha tukiwa na kazi mkononi, na tutakuwa na haki ya kuwadai sehemu yetu.